Mpini wa Kimo cha Mtu

Mkeka ulikuwa mtupu. Selestine aliupapasa kwa mguu kama mtu atafutaye ndara gizani, ingawa kulikuwa kumekwisha pambazuka na kila kitu kilionekana wazi: blanketi limekunjwa, kata imefunikwa juu ya mtungi, na mtoto hayupo. Siku nyingine yoyote asingejali. Kijana ni kama mbuzi, akiamka huenda zake. Lakini leo ilikuwa Jumamosi.

Alitoka nje akaizunguka nyumba mara mbili. Akaita, "Zamoyoni! We Zamoyoni!" Akajibiwa na jogoo wa jirani. Akarudi ndani mbio, na jambo la kwanza alilofanya ni kutazama kama kisu chake kipo. Kipo. Akainua kifuniko cha sanduku kuona kama kanga ya marehemu mkewe Apolonia ingali pale alipoiweka. Ipo. Alipekua kila mahali ambapo mwizi angepekua. Nyuma ya mlango, pale lilipozoea kuegemea jembe la yule kijana, hakutazama.

Kwake yeye Jumamosi ilikuwa na maana moja tu. Kabla ya kengele ya saa sita, yeye na Zamoyoni walitakiwa kusimama pamoja kwenye dirisha la boma la Shinyanga, kila mmoja abonyeze dole gumba katika kitabu cha karani. Miezi sita, kila Jumamosi, bila kukosa. Wakikosa hata mara moja, kijana atapakiwa kwenye treni apelekwe shule ya watukutu huko pwani, akae mpaka aote ndevu. Na yeye Selestine, aliyemdhamini, atalala mahabusu wiki mbili. Nao walioiandika amri hiyo hawakuuliza nani atapalilia shamba la mtu wiki mbili katika mwezi wa palizi. Wao chakula chao hakioti, huletwa.

Kutoka Ngokolo hadi bomani, kwa mguu wake ulioachwa kombo na mgodi, ni mwendo wa saa nzima. Basi alikuwa na asubuhi hii tu ya kumtafuta mtu.

*

Asidanganye mtu kwamba alimdhamini kwa huruma. Siku ile ya baraza Selestine mwenyewe alikuwa mshtakiwa. Serikali ilitaka kila shamba lipigwe matuta kwa kipimo chake, naye alikuwa ameyapiga kwa kipimo cha baba yake. Aliketi kwenye benchi la wakosaji akisubiri zamu, na mbele yake akasimamishwa kijana mrefu, mwembamba, wa miaka kumi na mitano hivi, aliyekamatwa akisukuma magunia ya sukari kutoka kwenye behewa la mizigo huku wenziwe wakiyaokota chini. Wenziwe walikimbia. Yeye alibaki juu ya treni na gunia mkononi.

Bwana Shauri, mzungu aliyesimamia baraza, alisema neno kwa Kizungu, na karani Eustace akalitafsiri, huku akijisikiliza mwenyewe kama kawaida yake: "Bwana anauliza, nani atamsimamia kijana huyu?"

Watu wote wakatazama miguu yao. Kijana hakuwa wa pale. Baba yake, Akida, alikuwa mtu wa Tabora aliyefia shimoni kwenye dhahabu za Geita; mama hajulikani alikokwenda. Bwana Shauri akangoja kidogo, akatazama saa yake, akaivuta kalamu kwa uso wa mtu anayetaka kuwahi chakula. Uso ule ndio uliomfanya Selestine ainue mkono. Aliwahi kuuona. Ndio uso aliokuwa nao mganga wa zahanati alipomrudisha Apolonia, na homa yake yote, akalete kwanza barua ya jumbe. Barua ilipatikana. Ililetwa ikawekwa mezani, na aliyeandikiwa alikuwa amekwisha kukata roho kwenye benchi.

"Wewe?" Eustace alishangaa. "Wewe mwenyewe si mshtakiwa?"

"Nimeshtakiwa kwa udongo, karani. Sikushtakiwa kwa sukari."

Watu wakacheka. Bwana Shauri akataka atafsiriwe kicheko, Eustace akasema hakuna maana. Hivyo ndivyo Selestine alivyopata mwana, kwa ukaidi.

Na mwana mwenyewe hakukalika. Alikuwa hawezi kuketi kitako mpaka ugali ukaiva. Akiketi, goti linacheza. Akisimama, macho yako njiani. Wiki ya kwanza alikamata kuku wa watu, Selestine akamrudisha yule kuku akiwa hai na matusi juu yake. Wiki ya pili alipigana kisimani. Na kila Jumamosi Eustace akawa na swali lake moja dirishani: "Haya, umeiba nini wiki hii?"

"Bado siku haijaisha, karani," Zamoyoni akajibu safari moja, na Selestine akamfinya mbavu.

Jambo moja tu lilimtuliza. Kazi ya Selestine tangu atoke mgodini ilikuwa kuchonga mipini ya majembe. Siku moja alimwambia kijana asimame wima, mgongo ukutani, akampima kwa shibiri kutoka kisigino hadi mfupa wa nyonga.

"Wanipima nini, mzee?"

"Mpini haukatwi kwa kukisia. Mrefu mno humtia mtu uvivu, mfupi mno humvunja mgongo. Kila mtu na mpini wa kimo chake."

"Nani kakwambia nataka kulima?"

"Nani kakwambia nimekuuliza?"

Lakini alipotoboa tundu kwa chuma cha moto na moshi ukafuka, kijana alikuwa amechuchumaa karibu, na goti lake halikuwa likicheza. Usiku alilala jembe likiwa kando ya mkeka, hata Selestine akalihamishia nyuma ya mlango asije akajikata.

*

Stesheni ndiko alikokwenda kwanza. Mtu akipotelewa na mwizi huanza palipoibiwa. Njia nzima alisema peke yake, akiwagombeza watu ambao hawakuwepo: Bwana Shauri, jumbe, nyapara wa zamani wa mgodini, na Mungu kidogo. Jua lilikuwa limepanda upana wa mkono aliposhuka kwenye reli.

Bi Mwanaidi, mama wa Kitabora aliyeuza chai na vitumbua kando ya ghala la pamba, alikuwa akigeuza vitumbua vyake.

"Shikamoo Bi Mwanaidi. Umemwona mtoto wangu?"

"Marahaba, Mzee Selestine. Leo umemwita mtoto wako? Juzi ulimwita balaa."

"Bibi, sina nafasi ya mzaha. Umemwona?"

"Nimemwona. Alfajiri, kabla jua halijatoka. Alisimama pale kwenye magunia na yule mwenziwe wa zamani, Sikujua, wakisemezana."

Selestine alilijua jina hilo. Sikujua ndiye aliyekuwa mkubwa wa wale waokota magunia.

"Na treni ya mizigo?"

"Imekwenda Isaka. Huyo Sikujua nimemwona akiiparamia kule mbele inapoanza kwenda."

"Na wangu? Alipanda?"

"Mimi nakaanga vitumbua, mzee, sihesabu abiria. Nilipoinua kichwa sikumwona tena."

Hapo ndipo Selestine alipofanya jambo ambalo baadaye lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Askari wa stesheni alikuwa anapita, fimbo kwapani. Selestine aliziona wiki mbili za mahabusu, akaliona shamba lake limemezwa na magugu, akafikiri: nikisema mwenyewe mapema, labda mimi wataniacha. Ndivyo wanavyotufundisha wakubwa, kwamba anayewahi kumtaja mwenziwe ndiye mwema. Akamshika askari mkono wa shati.

"Afande, kijana wangu wa dhamana ametoroka. Amepanda treni ya Isaka."

"Jina?"

"Zamoyoni bin Akida."

"Yukoje?"

"Mrefu, mwembamba. Kaptula ya kaki."

"Watoto wa reli wote ni warefu wembamba," alisema askari, lakini aliandika, akaingia ofisini kupiga simu ya waya.

Selestine akabaki anapumua. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama, mwiko mkononi, anamtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Mzee, mbona umemsemea hivyo? Mtoto alikuwa na jembe begani."

"Jembe?"

"Jembe, ndiyo. Jipya, mpini mweupe. Mtu anapanda treni kwenda kuiba na jembe?"

"Kwa nini hukusema, mwanamke?"

"Hukuuliza. Umeuliza kama alipanda."

Selestine alirukia mlango wa ofisi. "Afande! Afande, ngoja kwanza, usipige."

"Nimekwisha kupiga. Isaka wameitika."

"Wapigie tena. Waambie siyo."

Askari akacheka. "Simu haina mkia, mzee, useme nitaivuta irudi."

Na wakati ule ule, kutoka upande wa mbugani, ng'ambo ya bonde, ngoma ikalia. Si ngoma ya harusi wala ya mganga. Ilikuwa ngoma ya jembe, ile inayopigwa polepole, kisha haraka, mikono ikiifuata. Shambani kwa watu kulikuwa na elika.

*

Elika, kwa asiyelijua, ni kikosi cha vijana wa Kisukuma. Hukusanyika arobaini, hamsini, wakalima shamba la mtu kwa mstari mmoja, ngoma nyuma yao. Mkubwa wao huitwa nsumba ntale, na neno lake kwa vijana lina uzito kuliko la jumbe, maana jumbe huwekwa na boma, yeye huwekwa na wenziwe. Wana sheria zao. Mchelewaji hutozwa. Mgomvi hutengwa: hapewi moto, hasalimiwi, hata mama yake hapati mtu wa kumsaidia kuezeka. Na anayetoka mstarini kabla mstari haujafika mwisho, huyo kama ni mgeni harudi tena maisha.

Siku hiyo walikuwa kwa Generosa, mjane mwenye watoto wadogo, ambaye elika ilimlimia bure kila mwaka. Selestine alifika anachechemea, jasho linamchuruzika, akaona mstari mrefu wa migongo inayoinama na kuinuka pamoja, vumbi jekundu likiwazunguka miguuni. Wa tatu kutoka ukingoni, mrefu kuliko wenziwe, alikuwa Zamoyoni. Mpini mweupe ulimkaa mkononi sawasawa.

Alikuwa akiimba. Hakuyajua maneno, Kisukuma kilimpiga chenga, lakini mdomo ulikuwa wazi na sauti inatoka.

Ngassa, nsumba ntale, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye kifua kama mlango, alimjia Selestine, jembe begani.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Nimemfuata huyu. Wanamtaka bomani kabla ya saa sita."

"Alitueleza. Alisema atalima mstari mmoja kisha akimbie nyumbani akuchukue. Nami nikadhani kijana anayelima kando yake amekwisha kumwambia."

"Amwambie nini?"

"Mgeni halimi kwenda tu. Siku ya kwanza hulima kwenda na kurudi, na mstari wote unarudi naye. Ndivyo tunavyomwonyesha kwamba hatukumkodi." Ngassa akatazama jua. "Ndiyo kwanza tumegeuka."

Selestine aliupima ule urefu wa shamba kwa macho. Alikuwa amechonga mipini miaka kumi, alijua mstari kama ule huchukua muda gani. Jua lingefika utosini nao wangali katikati.

"Kwa nini mlimpokea?" aliuliza, na swali likatoka kama karipio. "Si mtu wenu. Ni mwizi."

"Alikuja mara nne kuomba. Mara tatu tulimfukuza. Mara ya nne alileta jembe, tukaona mpini umepimwa." Ngassa akatabasamu kidogo. "Tukasema, huyu ana mtu."

Selestine aliutazama ule mpini mweupe. Ana mtu. Na huyo mtu sasa hivi ametoka stesheni kumsemea kwa askari.

Zamoyoni alikuwa amemwona. Hakuacha kulima, maana mstari hauachi, lakini kila alipoinuka alitupa jicho, na jicho lile Selestine alilijua: lilikuwa linatafuta njia. Mstari ulipowakaribia, kijana akasema kwa pumzi fupi fupi, jembe likiendelea kushuka:

"Mzee, sikuambiwa... kwamba mstari unarudi. Nitoke?"

Ngassa alisema polepole, "Mchukue, baba. Hatukuzuii, serikali ni serikali. Lakini ukimchukua, usimrudishe. Hiyo si hasira yangu, ni sheria tuliyoikuta."

Ngoma ikaharakisha. Vijana wawili waliokuwa kushoto na kulia kwa Zamoyoni walikuwa wanasikiliza pia, migongo imeinama, hakuna aliyetazama juu. Selestine akamwona jinsi wa kulia alivyolisogelea pande la udongo gumu lililomshinda kijana, akalipasua, akaendelea, bila kusema neno. Katika miezi yote ya kwenda bomani hakuna mtu aliyempasulia yule mtoto kitu chochote.

Akimtoa, kitabu cha Eustace kitakuwa safi, na kijana atarudi stesheni kabla ya mavuno. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Akimwacha, treni ya pwani.

"Lima," alisema.

"Na bomani?"

"Bomani naenda mimi. Wewe lima, na usiinue kichwa kila saa kama kuku anayekunywa maji. Unawaharibia wenzako mstari."

*

Alikimbia. Mtu wa miaka hamsini na mguu wa kombo akikimbia, watu husimama kumtazama. Watoto wawili walimfuata wakimwigiza. Kengele ya boma, kipande cha reli kilichoning'inizwa, ilikuwa inagongwa pigo la mwisho alipoliegemea dirisha.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Eustace. Kitabu kilikuwa wazi.

"Analima."

"Stesheni wameleta habari kwamba ametoroka. Na habari wamesema umeileta wewe."

"Nilisema uongo."

"Ulisema uongo kwa askari?"

"Nilisema kitu nisichokijua. Kwa ninyi wakubwa huo si uongo, ni kazi. Kwangu ni uongo. Karani, mtoto yuko kwenye elika kwa Generosa. Akimaliza mstari atakuja. Nipe dirisha mpaka alasiri."

"Amri inasema saa sita."

"Mwulize Bwana."

"Bwana amekwenda kuwinda kanga. Atarudi kesho kutwa." Eustace aliichovya kalamu, akasita. Kwa mara ya kwanza Selestine alimwona yule karani akiutupia jicho mlango wa ofisi ya Bwana. Naye ana mke, naye ana mtu wa kumwogopa. "Mzee Selestine, nikiandika kwamba amekuja na hakuja, nitafukuzwa mimi."

"Basi andika kwamba nimekuja mimi. Mwili mmoja upo hapa. Chukua huu."

Eustace aliandika. Selestine hakujua kusoma sana, lakini jina lake alilifahamu, akaliona likiingia kwenye ukurasa mwingine, ule wa mahabusu. Tarishi akamchukua. Chumba kilikuwa na dirisha moja juu karibu na dari, na harufu ya mikojo ya watu waliotangulia. Hakuketi. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, hatua tano kwenda, tano kurudi, akamwaza Zamoyoni akitolewa shambani, askari wawili, kamba. Karatasi ya kumpeleka kijana pwani ingengoja sahihi ya Bwana mpaka Jumatatu. Siku mbili tu. Hatua tano, hatua tano.

Alasiri ngoma ilikuja.

Mwanzo alidhani iko kichwani mwake. Kisha akasikia matarishi wanapiga kelele, mlango unafungwa kwa komeo, na Eustace akisema kwa sauti nyembamba, "Wanataka nini? Ni fitina ya matuta? Wanataka nini hao?" Ngoma ikanyamaza nje ya dirisha.

"Karani," ikasema sauti ya Ngassa. "Tumemleta mtoto wetu. Amechelewa kwa sababu alikuwa kazini. Mwandike."

"Mmekuja na majembe!"

"Tumetoka kulima. Ulitaka tuje na vijiko?"

Vijana wakaangua kicheko, arobaini kwa pamoja, na Selestine peke yake mle chumbani akacheka nao, akashangaa jinsi kifua kilivyouma kwa kutozoea. Akasikia mchakacho wa karatasi. Akasikia Eustace akisema, "Dole hapa. Hapa, si hapo." Halafu sauti ya Zamoyoni:

"Na mzee wangu?"

"Mzee wako nimekwisha kumwandika."

"Mwandikie ametoka."

"Kitabu hakifutwi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bwana aliporudi na kanga zake alikuta imeandikwa katika siku moja, kwa mwandiko mmoja, kwamba kijana alifika, na kwamba mdhamini wake amefungwa kwa sababu kijana hakufika. Akatia sahihi pote pawili. Wakubwa hawasomi, wanatia sahihi.

*

Jumapili jioni mlango wa mahabusu ulifunguliwa, akasukumwa ndani kijana mrefu, mwembamba, kaptula ya kaki, jicho moja limevimba mpaka limefumba.

"Zamoyoni huyo," tarishi alisema. "Ametoka Isaka."

"Huyo siye Zamoyoni!" Selestine aliruka. "Zamoyoni amekuja jana, karani amemwandika!"

"Basi wa kwako ni yupi?" Tarishi akamgeukia yule kijana. "Kama wewe siye, ulikuwa unafanya nini ndani ya behewa?" Hakungoja jibu. Akafunga.

Kijana alijikunyata pembeni. Alikuwa Sikujua.

"Niliwaambia siyo mimi," alisema. "Wakanipiga kwa kukana jina. Nikakubali ndiyo mimi. Wakanipiga kwa kutoroka." Akamtazama Selestine kwa jicho lake moja. "Wanasema kuna mzee aliyepeleka habari. Wewe ndiwe yule mzee wake Zamoyoni, wa kila Jumamosi?"

"Ndimi."

Sikujua aligeuka akatazama ukuta.

Siku zilikwenda. Mchana walipasua mawe ya barabara, usiku walisikilizana wakijikuna. Siku ya nne ndipo kijana alipozungumza tena, akiwa amelala chali.

"Alikuja kuniita, yule wako. Alfajiri ile. Akasema kuna nafasi mstarini, twende wote. Nikamcheka. Nikamwambia, umekuwa ng'ombe, wakufunge na plau kabisa."

"Akasemaje?"

"Akasema jembe analo moja tu, angenigawia zamu."

Selestine hakulala usiku ule. Si kwamba usiku mwingine alilala.

Jumamosi, kabla jua halijawa kali, wote wawili walisikia sauti dirishani upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa mapema mno, kengele ilikuwa na saa nyingi mbele yake.

"Haya, umeiba nini wiki hii?" aliuliza Eustace, lakini safari hii kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa mazoea tu.

"Mimi sijaiba," ilijibu sauti ya Zamoyoni. "Ninyi ndio mna watu wangu wawili humo ndani."

Ukurasa ukafunuliwa. Kisha Eustace akasema, "Dole hapa."

Wakamsikia akiondoka. Hakukimbia. Sikujua alikuwa ameketi, goti linamcheza, limecheza juma zima.

"Jumatatu ya pili Bwana anasikiliza kesi yangu ya behewa," alisema. "Sina mtu, mimi. Nitakwenda pwani. Wanasema huko kuna bahari."

Selestine alikuwa akimtazama lile goti. Yeye mwenyewe angekuwa ametoka kufikia siku hiyo. Alijua Bwana Shauri atauliza swali gani, na watu watatazama wapi.

"Simama," alimwambia.

"Nisimame kwa nini?"

"Simama wima. Mgongo ukutani, visigino pamoja."

Sikujua alisimama kwa uvivu. Yule mzee akapiga magoti kwenye sakafu chafu, mguu wa kombo ukilia, akatanua mkono, akaanza kumpima kwa shibiri kutoka kisigino kwenda juu: moja, mbili, tatu.

"Ee mzee, wanipimia sanda?"

"Sanda haiishii nyongani. Tulia basi, usichezecheze, unanipotezea hesabu."